Kutoka Uwanda hadi Kiwanda: Maneno ya Uundaji na Historia ya Kazi katika Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Historia ya taifa haimo katika vitabu peke yake. Sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika maneno ambayo watu huyatumia kila siku bila kuyatafakari. Neno hurithiwa kwa wazee, hubebeshwa maana mpya, huvuliwa maana ya zamani, na mwishowe humfikia mwanafunzi likiwa laini kama mpini wa jembe ulioshikwa na vizazi vitatu. Mwenye kulitumia huona ulaini tu. Haoni viganja vilivyoulainisha.

Katika makala haya tumekusudia kuchunguza kundi dogo la maneno hayo, yaani yale yanayotaja kazi ya binadamu ya kukifanya kitu kiwepo ilhali jana hakikuwapo. Kiswahili kinayo mengi: kufua, kuunda, kuumba, kufinyanga, kusuka, kutengeneza, kuzalisha. Na mahali pa kazi hiyo pana jina lake, nalo ni kiwanda. Tumeamua kuyatazama maneno haya tukiwa tumesimama Mbeya na Iringa. Sababu ya kwanza ni kwamba huko kazi ya mikono ina historia ndefu iliyoacha alama zinazoonekana hata leo. Sababu ya pili imo katika jina lenyewe la sehemu hiyo, kama tutakavyoonyesha.

Yafaa tueleze mipaka. Tunaposema Mbeya na Iringa tunamaanisha eneo pana kuliko mikoa miwili yenye majina hayo leo. Ufipa ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974; Njombe na Ludewa zilikuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012; na Mbozi iliingia katika Mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016. Mipaka ya utawala hubadilika, lakini mhunzi wa zamani hakuulizwa anatoka mkoa gani alipochukua majembe yake kwenda kuyauza kwa jirani.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili. Mwanafunzi akiulizwa viwanda vilianza lini katika nchi yetu, mara nyingi hujibu kwamba vililetwa na wakoloni, kisha vikaongezwa baada ya Uhuru. Je, jibu hilo ni sahihi? Tutaona kwamba lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo unategemea maana moja tu ya neno kiwanda, tena maana iliyo changa kuliko nyingine zote.

Neno lililogeuka kinyume chake

Kabla ya kuingia katika lugha yetu, natutazame kwanza jambo lililotokea katika lugha ya wengine, ili tusidhani kwamba Kiswahili peke yake ndicho kilichopatwa na mageuzi haya. Waingereza wanalo neno “manufacture”, ambalo siku hizi hutafsiriwa kuwa kuzalisha bidhaa viwandani. Asili yake ni Kilatini: sehemu ya kwanza ni mkono, na ya pili ni kufanya. Kwa hiyo, lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 16, maana yake ilikuwa kufanya kitu kwa mkono. Fundi aliyekaa barazani kwake akishona viatu alikuwa anafanya hasa kile kilichotajwa na neno hilo.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Viwanda. Mvuke ukachukua nafasi ya misuli, na mashine zikachukua nafasi ya vidole. Neno halikutupwa, lilihama pamoja na kazi. Mwaka 1835 Andrew Ure, aliyeandika kitabu cha kuvisifu viwanda vya Uingereza, aliona ajabu kwamba neno hilo limekuwa na maana iliyo kinyume cha asili yake, kwa kuwa sasa lilitaja vitu vinavyofanywa na mashine karibu bila msaada wa mkono wa mtu. Mkono ulibaki ndani ya neno, lakini ulikuwa umeondolewa katika kazi.

Neno lao jingine, “factory”, lina safari inayotugusa sisi moja kwa moja. Zamani lilimaanisha kituo cha wakala wa biashara katika nchi ya ugenini. Wareno walikuwa na neno lao la jinsi hiyo hiyo, na mwaka 1505 walipoiteka Kilwa walijenga ngome na kuweka wakala wa namna hiyo ili kuisimamia biashara ya dhahabu. Katika kituo hicho hapakutengenezwa kitu. Palikusanywa na kusafirishwa mali za watu wengine. Baadaye sana ndipo neno hilo likaja kuwa jina la jengo lenye mashine.

Waarabu nao wana mzizi mmoja wenye maana ya kutengeneza, ambao katika lugha yao ya leo umezaa neno la viwanda na uzalishaji. Kiswahili kiliuchukua mzizi huo huo, nasi tukapata neno sanaa. Lakini kwetu sanaa imeelekea upande wa uzuri: uchongaji, uchoraji, ngoma na ushairi. Mzizi ni mmoja, nao umezaa matawi mawili; kwa Waarabu tawi moja limekuwa viwanda, na kwetu tawi jingine limekuwa sanaa. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Kiwanda na nyanda

Sasa natuje kwenye neno letu. Katika matumizi ya zamani ya Kiswahili, kama kamusi za karne ya 19 zinavyoshuhudia, kiwanda kilikuwa ni uwanja au kipande cha ardhi iliyo wazi, na pia mahali mafundi wanapofanyia kazi. Maana hizo mbili hazikugombana. Fundi wa zamani hakuhitaji jengo. Alihitaji mahali pa wazi, penye nafasi ya kuweka magogo au kuwasha moto, penye kivuli kidogo na watu wapitao ili wakione kile alichokitengeneza. Kiwanda kilikuwa uwanja kwanza, kisha kikawa karakana.

Neno hili ni ndugu wa maneno uwanda, uwanja na kiwanja. Uwanda ni ardhi pana iliyo wazi, na wingi wake ni nyanda. Hivyo tunapotamka Nyanda za Juu Kusini, jina la eneo linaloanzia Iringa hadi Mbeya na kupita, tunatamka neno la ukoo mmoja na kiwanda. Uwanda ni ardhi kubwa aliyoikuta mtu; kiwanda ni kile kipande chake kidogo alichokitenga kwa kazi. Kiambishi ki- cha kudogosha ndicho kinachotuonyesha njia kutoka maumbile hadi utamaduni.

Yeyote anayetaka kuona kiwanda kwa maana hii ya asili, na afike Isimila, kilometa zipatazo 20 kutoka mjini Iringa, kando ya barabara iendayo Mbeya. Wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na F. Clark Howell, walifanya kazi hapo katika miaka ya 1957 na 1958. Walikuta mashoka ya mkono na zana nyingine za mawe kwa wingi mno, zimetapakaa katika matabaka ya udongo wa ziwa lililokauka zamani. Umri wake wakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Mikono iliyozichonga ilijua ni jiwe gani linalopasuka vizuri, na ni pigo la namna gani linaloacha ukingo mkali. Pale palikuwa uwanda, na juu ya uwanda huo palikuwa na kiwanda, miaka mingi kabla ya lugha yoyote tunayoijua.

Kufua: kutoka nyundo hadi umeme

Katika maneno yote ya uundaji, hakuna lililosafiri mbali kuliko kufua. Mwanafunzi wa leo akilisikia huwaza nguo na sabuni. Lakini maana iliyo katikati ya neno hili ni kupiga. Nguo zilifuliwa kwa kupigwa juu ya jiwe mtoni. Nazi hufuliwa kwa kuondolewa makumbi yake kwa nguvu, na ndiyo maana mtu aliyeshindwa huambiwa kwamba hafui dafu. Na chuma hufuliwa kwa nyundo juu ya fuawe. Jina la kifaa hicho lenyewe limetokana na kitenzi hiki. Mwenye kazi hiyo ni mfua chuma, au mhunzi.

Wataalamu wa lugha wametuonyesha kwamba shina la kitenzi hiki linapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, kutoka magharibi mwa bara hadi pwani yetu, na nyundo nayo ina shina la kale lililoenea vivyo hivyo. Lakini inatupasa tuwe waangalifu. Kuenea kwa shina la kufua hakuthibitishi kwamba mababu wa Wabantu wote walijua chuma tangu mwanzo. Yawezekana shina hilo lilimaanisha kupiga tu, na kila jamii ilipojifunza uhunzi ikalitwika neno lile la zamani mzigo mpya. Neno ni shahidi, lakini shahidi huyo hana budi kuhojiwa pamoja na udongo, mkaa na mavi ya chuma yaliyoachwa na matanuri.

Na ushahidi huo wa ardhini unapatikana kwa wingi katika Nyanda za Juu Kusini. Wanyiha wa Mbozi na Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, mengine marefu kuliko mtu mzima, yenye matundu chini na mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Katika matanuri hayo marefu hapakuwa na mivukuto. Tanuri lenyewe lilivuta hewa kama bomba la moshi livutavyo: moto ukipanda juu, hewa baridi huingia chini. Tanuri lilijazwa mkaa na mawe yenye chuma, likaachwa liwake kwa siku kadhaa. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado kimechanganyika na taka, kwa hiyo kilitiwa mara ya pili katika tanuri dogo lililovukutwa kwa mivukuto, kikasafishwa. Ndipo kilipofika kwa mhunzi, naye akakifua kuwa jembe, shoka, kisu au mkuki. Wapangwa wa Ludewa na Wakinga wa milima ya Livingstone nao walikuwa wafua chuma mashuhuri, na majembe yao yalifika kwa majirani waliokuwa na nafaka au mifugo ya kubadilishana.

Hebu tuihesabu kazi hiyo. Alikuwapo anayeyajua mawe, anayechoma mkaa, anayejenga tanuri, anayesafisha na anayefua. Palikuwa na mgawanyo wa kazi, palikuwa na hatua zinazofuatana, na palikuwa na soko. Jembe lenyewe halikuwa chombo cha shamba tu. Katika sehemu nyingi za nchi hii lilitolewa kuwa mahari, na hivyo lilifanya kazi kama fedha. Ikiwa hiki si kiwanda, basi tutamke wazi ni kitu gani kilichopungua. Tutakuta kwamba kilichopungua ni ukuta, paa la bati na injini tu.

Wala haifai tuipambe kazi hiyo kupita kiasi. Maarifa ya kuyeyusha chuma yalishikwa na watu wachache na yalifungamana na miiko mingi. Dawa ziliwekwa tanurini, na wafanyakazi walitakiwa kujitenga na wake zao wakati wa kazi. Katika Ufipa tanuri lilifananishwa na mwanamke, na chuma kikahesabiwa kama mtoto azaliwaye. Zaidi ya hayo, mkaa ulikula miti mingi. Lakini miiko hiyo haikuwa upumbavu. Ilikuwa njia ya kulinda nidhamu ya kazi ngumu na kuhifadhi maarifa mahali ambapo hapakuwa na kitabu cha mafunzo.

Chuma kikubwa kuliko vyote katika eneo hili hakikufuliwa na mtu yeyote. Nacho ni Kimondo cha Mbozi, kilichoanguka kutoka angani na kilichoingia katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni mwaka 1930. Urefu wake ni kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kufikia tani 16. Sehemu kubwa yake ni chuma, pamoja na kiasi cha nikeli. Kimelala mahali pake tangu kale, ilhali karibu nacho wahunzi walihangaika kuyeyusha mawe ya ardhini. Kinatufundisha kwamba chuma peke yake hakifanyi jembe. Kinachofanya jembe ni maarifa ya kukitoa, kukilainisha na kukifua.

Leo kitenzi kufua kimepata maana nyingine tena. Shirika la umeme na magazeti yetu husema kufua umeme, na mitambo ya kufua umeme. Maji yanayotoka katika nyanda za Usangu mkoani Mbeya hushuka kwa Mto Ruaha Mkuu, hupita Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ambako kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1988, kisha hufika Kidatu, kilikoanza mwaka 1975. Hapo hakuna nyundo wala fuawe. Lakini waliolichagua neno hili walifanya vyema; walikataa kuazima, wakamwendea mhunzi wa zamani na kumwomba neno lake. Hivyo kila taa inayowaka kwa umeme huo inakumbusha kazi ya nyundo, iwapo msikilizaji ana masikio.

Kuumba na kusuka

Tukiishia kwa mhunzi tutakuwa tumesimulia nusu ya habari, kwa maana uhunzi ulikuwa kazi ya wanaume. Kando ya Ziwa Nyasa, katika Ikombe na vijiji jirani vya Kyela hadi upande wa Ludewa, wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi hodari, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema, na kutoka hapo hupanda mlima kuelekea Rungwe na Mbeya. Katika Iringa, wanawake husuka vikapu kwa milulu, majani yaotayo mahali pa majimaji. Vikapu vya Iringa vimejulikana mbali sana na mahali vinaposukwa.

Kitenzi cha wafinyanzi kina heshima ya ajabu. Kuumba, kwa asili yake ya Kibantu, ni kufinyanga udongo uwe chungu. Shina hilo nalo ni la kale na limeenea katika lugha nyingi. Lakini Waswahili walipotaka kutaja kazi ya Mwenyezi Mungu ya kuzifanya mbingu na nchi, walilichukua neno hilo hilo, naye akaitwa Muumba. Waliokaa chini wakizungusha udongo kwa viganja vyao ndio waliolipa Kiswahili neno la uumbaji wa ulimwengu. Hatuoni sifa kubwa zaidi ambayo lugha ingeweza kuwapa mafundi hao.

Hata hivyo, katika hesabu za maendeleo vyungu na vikapu hivyo vimewekwa katika fungu la sanaa za mikono, si katika fungu la viwanda. Hapa ndipo lile tulilosema juu ya mzizi wa neno sanaa linapofaa kukumbukwa. Mpaka kati ya sanaa na kiwanda haukuwekwa na maumbile. Umewekwa na historia ya maneno. Na mpaka huo si wa bure: kilichoitwa kiwanda hupangiwa mtaji, barabara na wataalamu, na kilichoitwa sanaa hupewa sifa na nafasi katika maonyesho.

Maana mpya wakati wa ukoloni

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, jeshi la Mtwa Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Silaha kubwa ya Wahehe siku hiyo ilikuwa mkuki. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1894, mizinga iliivunja ngome ya Kalenga. Tunayataja matukio haya mawili kwa kuwa yanaonyesha mashindano ya aina mbili za uundaji. Mkuki ni kazi ya fuawe ya kijijini; mzinga ni kazi ya tanuri la Ulaya. Mshindi wa mashindano hayo ndiye aliyepata nafasi ya kueleza kiwanda ni kitu gani.

Baada ya utawala wa kigeni kusimama, majembe ya chuma yaliyotengenezwa Ulaya yaliletwa kwa wingi na kwa bei ambayo mwenye tanuri hakuiweza. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na vijana wakaenda kuitafuta mashambani na migodini, kama vile katika machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya. Matanuri marefu yakapoa moja baada ya jingine. Kazi ya kuyeyusha ilififia, lakini kazi ya kufua haikufa. Mhunzi aliacha mawe ya mlimani akachukua vyuma vikuukuu vya magari, akaendelea kufua visu, mundu na mashoka.

Wakati huo huo neno kiwanda lilianza kuhamia ndani ya majengo. Katika Mufindi na Rungwe palisimamishwa viwanda vya kukaushia chai, vyenye bomba la moshi, king’ora na msimamizi. Maneno mengine nayo yalihama. Mtambo, uliokuwa kamani ya mtego au ya bunduki, ukawa mashine kubwa. Kinu, kilichokuwa gogo la kutwangia, kikawa mashine ya kukobolea na kusagia. Neno mashine nalo lilizoeleka hata likawa jina la mahali, kama linavyoshuhudia eneo la Mashine Tatu mjini Iringa.

Lakini hata kiwanda cha namna hiyo mpya hakikuruhusiwa kukua kwa uhuru. Katika miaka ya 1930, kiwanda cha Tanganyika kilichosokota kamba za katani kwa ajili ya soko la Uingereza kilipingwa vikali na wenye viwanda vya kamba wa huko, na mwishowe kikafungwa. Koloni lilitakiwa kutoa katani, si kamba. Hapo msomaji ataona kwamba lile neno la kale la Wazungu, kituo cha wakala cha kukusanyia mali ya kupeleka nje, lilikuwa bado linaishi katika vitendo ingawa maana yake ilikuwa imekwisha kubadilika katika kamusi.

Baada ya Uhuru

Taifa huru lilipochagua nembo yake, liliweka ndani yake jembe, shoka na mkuki. Vyote vitatu ni kazi ya mhunzi. Pengine waliochagua walimfikiria mkulima na mlinzi wa nchi zaidi kuliko yule aliyewapa zana. Lakini alama hizo zipo, nasi tunayo haki ya kuzisoma kikamilifu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na kutoka wakati huo neno kuzalisha lilipata nguvu mpya. Asili yake ni kuzaa, mkunga huzalisha. Katika lugha ya siasa na uchumi likawa kuzalisha mali. Wazee wa Ufipa waliofananisha chuma na mtoto wasingelishangaa neno hili. Mwaka 1972, katika mkutano wa TANU uliofanyika mjini Iringa, yalitolewa maelekezo yaliyojulikana kwa jina la Siasa ni Kilimo, yaliyosisitiza kilimo bora na zana bora. Mwaka 1973 sheria iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo Vidogo, yaani SIDO. Jina hilo lina maana katika habari yetu, kwa sababu kwa mara nyingine mhunzi, seremala na fundi wa ngozi waliweza kuitwa wenye viwanda, ingawa ilibidi neno vidogo litamkwe mara mbili.

Viwanda vikubwa navyo vilikuja. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita Mbeya na kuufungua mkoa huo. Katika miaka ya 1980 Mbeya ilipata kiwanda cha saruji huko Songwe, na kiwanda cha majembe kilichopewa jina la Zana za Kilimo. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza kazi huko Mufindi, kikitumia misonobari ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Katika kipindi cha mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, baadhi ya viwanda vya umma nchini vilibinafsishwa, vingine vikasimama. Mgololo ilipata mwenyewe mpya na kuendelea kutoa karatasi. Zana za Kilimo iliacha kufua majembe. Hivyo jembe la mkulima wa Mbeya lilitoka katika tanuri la Mnyiha, likaenda Ulaya, likarudi Mbeya kwa miaka michache, kisha likaondoka tena.

Kinachobaki kumpa mtu tumaini ni kile kisichoonekana katika taarifa kubwa. Katika mitaa ya Mwanjelwa mjini Mbeya, na katika miji yote ya Nyanda hizi, mafundi huchomelea milango, hukunja bati kuwa majiko, na hugeuza vyuma vya magari kuwa majembe ya kukokotwa na ng’ombe. Kazi yao huitwa kutengeneza. Neno hilo zamani lilikuwa kuweka mambo sawa, kukipanga kitu kilichoharibika kirudi katika utaratibu. Leo lina maana zote mbili, kurekebisha na kufanya upya, na mafundi hao hufanya yote mawili kwa nyundo moja. Wapo uwanjani, hewani, mbele ya wapita njia. Yaani, kwa maana ya zamani kabisa ya neno, wamo kiwandani.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno la Waingereza lilianza mkononi likaishia katika mashine, na kwamba neno letu lilianza uwanjani likaishia ndani ya ukuta. Ukuta huo ndio unaomfanya kijana aamini kwamba wazee wake hawakuwa na viwanda. Jibu la yule mwanafunzi ni sahihi iwapo kiwanda ni jengo lenye injini. Si sahihi iwapo kiwanda ni mahali pa kazi ya maarifa, yenye hatua, mafundi na soko. Mwalimu anayeifundisha maana ya kwanza bila ya pili anamfundisha mtoto kwamba katika jambo hili sisi ni wapokeaji tu, na fundisho hilo lina madhara makubwa kuliko ukosefu wa mashine. Mashine yaweza kununuliwa. Imani kwamba tunaweza kuitengeneza haiuzwi dukani.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuunda katika methali hii ni kazi ya mjenzi wa vyombo vya baharini, na ndiyo maana ya zamani ya neno hilo. Leo twaunda kamati, twaunda mikoa na hata serikali. Hakuna ubaya katika hilo, mradi tusisahau kwamba kilichoundwa kwa maneno matupu hakielei.

Tunawashauri walimu wa Nyanda za Juu Kusini wawape wanafunzi wao kazi ifuatayo. Kila mmoja na aende kwa wazee wa kwao, awe Mhehe, Mbena, Mkinga, Mnyiha, Msafwa, Msangu au Mnyakyusa, akaulize katika lugha ya nyumbani: kufua chuma husemwaje, kufinyanga husemwaje, kusuka husemwaje, na mahali pa kazi hizo paliitwaje. Kisha yapangwe ubaoni majibu yote, yalinganishwe, na kutazamwa ni yapi yenye shina moja. Palipo na mavi ya chuma katika shamba la jirani, darasa na liende kuyaona mahali yalipo, bila kuyahamisha, liyaandike na kuyachora. Wazee wanaoyajua maneno hayo wanapungua kila mwaka, na mvua haiyaachi matanuri yasimame milele. Mwacha asili ni mtumwa. Na asili ya kiwanda chetu imo katika uwanda tunaoukanyaga.